Wakili wa Bima ni Wakili Wako

Wengi wetu tunaoishi Uingereza tuna bima ya gharama za kisheria na hatujui. Imejificha ndani ya bima ya nyumba au ya gari, kwenye kale kamstari ulikokawekea tiki huku ukikimbilia bei nafuu, na kwa mwaka unakatwa £20 na ushei. Kwangu ilikuwa kwenye bima ya nyumba. Aliyeikumbuka ni mume wangu, nilipofukuzwa kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Reading mwaka 2023 na nikaanza kuulizia bei za mawakili. Wa kwanza kumpigia alinitajia zaidi ya £200 kwa saa, kabla ya VAT. Sisi wa kazi ya kea, yaani kutunza wazee, tulikuwa tunalipwa chini ya £12 kwa saa.

Bima ikalipa wakili. Kilichofuata ni miezi ya kuzungushwa: nikilalamika kwa kampuni ya bima naambiwa hilo ni la wakili, nikilalamika kwa wakili naambiwa anasubiri ruhusa ya bima. Naandika jinsi nilivyotoka humo, kwa sababu nimeona watu wetu wakikata tamaa katikati, na wengine walikuwa na haki kuliko mimi.

Kisa chenyewe nitakipitia haraka. Zamu moja ya usiku tulikuwa wachache kuliko ilivyotakiwa, na asubuhi chati za dawa za wazee wawili zikakutwa hazina saini. Chati zangu zilikuwa na saini. Zile mbili zilikuwa za mwenzangu, ambaye jina letu la kwanza ni moja, maana sisi watu wa pwani majina ni yale yale. Yeye aliandika maelezo akakiri kwamba alisahau, kisha akaacha kazi mwenyewe. Mimi nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu bila kuonyeshwa karatasi yoyote kabla, nikaambiwa nilikuwa kiongozi wa zamu na uzembe ni wangu. Nikafukuzwa. Nilikuwa nimefanya kazi pale zaidi ya miaka minne, na sheria ya wakati ule ilitaka uwe umefikisha miwili ndipo uweze kushtaki kwa kufukuzwa isivyo haki.

Jambo la kwanza linalochanganya ni kwamba kampuni iliyoandikwa juu ya karatasi ya bima ya nyumba mara nyingi siyo inayobeba upande wa sheria. Huo hubebwa na kampuni nyingine, yenye namba yake ya simu na masharti yake. Nilipowapata walinipa vitu viwili. Cha kwanza ni namba ya ushauri wa kisheria kwa simu, na hapa niwape haki yao: yule kijana aliyenipokea alikuwa na msaada kuliko wakili niliyekuja kupewa. Aliniambia mahakama ya kazi ina muda wa miezi mitatu kasoro siku moja, unaohesabiwa tangu siku ya mwisho ya kazi, na kwamba rufaa ya ndani kwa mwajiri haisimamishi saa hiyo. Kuna watu wanasubiri jibu la rufaa kwa adabu kabisa, na jibu linapokuja muda umeshapita. Hayo yalikuwa masharti ya wakati wa kesi yangu. Sheria za kazi zinabadilishwa, kwa hiyo ulizia muda wa siku hiyo, usitegemee wangu.

Cha pili ni fomu ya madai. Ukiijaza, faili lako linapelekwa kwa ofisi ya mawakili iliyo kwenye orodha ya bima, na ofisi hiyo inapima kama kesi ina nafasi ya kushinda ya asilimia 51 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, bima hailipi. Hata ikiwa juu, wanaangalia pia kama gharama zitazidi kile unachoweza kupata. Hili la pili linauma zaidi kwenye kesi za kazi, kwa sababu kule kwa kawaida kila upande hubeba gharama zake, hata ukishinda.

Ofisi niliyopewa ilikuwa kwenye mji wa kaskazini ambao sijawahi kukanyaga. Wakanitumia barua ndefu ya kunikaribisha, kurasa nyingi, na kwenye kurasa za mwisho kulikuwa na jina la mtu wa kupelekewa malalamiko na maelezo ya Legal Ombudsman, mwamuzi wa malalamiko dhidi ya mawakili. Wanalazimika kukupa hayo kwa maandishi mwanzoni. Soma kurasa hizo siku unayoipokea, ungali na akili iliyotulia.

Halafu kimya. Faili lilikuwa kwa msaidizi wa kisheria, akaondoka, likahamia kwa mwingine ambaye aliomba nyaraka zile zile nilizokwisha tuma, naye akaenda likizo. Nikipiga simu naambiwa yuko kwenye kikao, nitapigiwa. Sikupigiwa. Mimi nimelelewa Tanga, ambako wakili humwiti kwa jina, unamwita mheshimiwa, na wao kwa wao wanaitana wasomi. Kumwandikia mtu wa namna hiyo kwamba kazi yako mbovu, mkono ulikuwa mzito.

Aliyenizindua ni dada mmoja wa Mombasa ambaye naye alishapita kwenye mgogoro na mwenye nyumba wake.

"Dada, huyo wakili umemwandikia lini?" akaniuliza.

"Nampigia kila siku, hapokei."

"Kupiga si kuandika, mpenzi. Mbele huko watakuuliza barua, na wewe utawaonyesha nini, masikio? Mali bila daftari hupotea bila habari."

Tangu siku hiyo kila simu niliyopiga niliifuata na barua pepe ya mistari mitatu: leo saa fulani nimepiga, fulani ameniambia hivi, nasubiri jibu kufikia tarehe fulani. Sikuandika kwa hasira. Niliandika kama ninavyoandika ripoti ya zamu, na kazi ya kea imetufundisha hilo vizuri kuliko tunavyojisifia: saa, tukio, nani alikuwepo, nini kilifanyika.

Huku siku za mahakama zinakwisha. Wakili hakuwa amefungua chochote, na kila nikiuliza jibu ni kwamba hawawezi kuchukua hatua mpaka bima ikubali tathmini. Hapa ndipo nilipoamua kutosubiri mtu. Kabla ya kwenda mahakama ya kazi ni lazima kwanza upitie Acas, chombo cha usuluhishi, ambacho kinawasiliana na mwajiri na kujaribu kupatanisha. Unajaza fomu yao mtandaoni, haina malipo, na ukishaijaza ile saa ya miezi mitatu inasimama kwa muda wa usuluhishi. Wakishindwa wanakupa cheti chenye namba. Kwa namba hiyo nilijaza mwenyewe fomu ya madai, ET1, usiku jikoni, watoto wamelala. Nayo haina malipo, tangu Mahakama ya Juu ilipofuta ada za mahakama ya kazi Julai 2017 katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wafanyakazi cha UNISON. Kiingereza changu si cha mahakamani. Nilieleza kilichotokea kwa mpangilio wa tarehe, nikaandika kwamba nimefukuzwa isivyo haki, nikatuma. Nikawaarifu wakili na bima asubuhi yake, kwa maandishi.

Fomu hiyo ndiyo iliyookoa kila kitu kilichofuata. Ningesubiri, nisingekuwa tena na kesi ya kazi. Ningebaki na kesi ya kumdai wakili fidia kwa kupitisha muda. Hiyo nayo ipo, na mawakili wa huku wanalazimika kuwa na bima ya makosa yao ya kikazi, lakini nani anataka kuanza upya na wakili mwingine kumshtaki wakili?

Tathmini ikaja: asilimia 45. Bima ikafuata na barua fupi ya kusema inasitisha malipo.

Niliisoma ile tathmini mara ya kwanza nikalia. Mara ya pili nikacheka. Ilisema "mteja amekiri kwa maandishi kutosaini chati". Mteja gani? Yalikuwa maelezo ya mwenzangu. Walichukua karatasi yenye jina letu la kwanza, hawakuangalia jina la ukoo wala saini chini yake, wakajenga kesi nzima juu ya hapo. Tena hawakugusa kabisa suala la kikao cha nidhamu, ilhali kwenye kesi za namna hii mahakama haitafuti tu kama kosa lilitendeka. Inaangalia kama mwajiri alichunguza inavyostahili, na kama kufukuza kulikuwa ndani ya yale ambayo mwajiri mwenye busara angeweza kuamua. Haya niliyajua kwa kusoma tovuti ya Acas, mimi nisiye wakili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila mtu alishike. Wakili anayelipwa na bima ni wakili wako. Anayepeleka pesa ni bima, lakini mteja ni wewe, na kanuni za taaluma yake zinamtaka atende kwa maslahi ya mteja. Ukilielewa hilo, kuzungushwa kunakwisha, kwa sababu unajua kila mmoja amekukosea nini na nani wa kumpelekea. Kazi mbovu ya wakili, yaani kuchelewa, kutojibu, kupoteza nyaraka, kuchanganya watu, inakwenda kwa ofisi yake kwanza na kisha Legal Ombudsman. Uamuzi wa bima wa kukataa kulipa, au kukaa na faili bila kulishughulikia, unakwenda kwa kampuni ya bima kwanza na kisha Financial Ombudsman Service, mwamuzi wa malalamiko dhidi ya mabenki na kampuni za bima. Ukimpeleka wakili kwenye mlango wa bima watakurudisha, nao watakuwa na haki. Kuna na mlango wa tatu, Solicitors Regulation Authority, msimamizi wa mawakili, lakini huo ni wa udanganyifu, wizi wa fedha za mteja na utovu wa maadili. Watu huukimbilia kwa sababu jina lake ni zito, na kwa wakili aliyechelewa tu kujibu hautawasaidia.

Niliandika barua mbili, tofauti kabisa. Juu ya kila moja nikaandika wazi kwamba haya ni malalamiko rasmi, kwa sababu ukiandika tu "nasikitika na huduma" wanaweza kukujibu kwa pole tu na kudai hakuna saa iliyoanza kuhesabiwa. Ukilalamika rasmi, kila upande una wiki nane za kukupa jibu la mwisho. Wasipokupa, au usiporidhika, unakwenda kwa mwamuzi bila kulipa kitu. Una miezi sita tangu jibu hilo la mwisho. Kwa Legal Ombudsman kuna kikomo kingine tena, kilichokazwa Aprili 2023: kwa kawaida mwaka mmoja tangu jambo litokee au tangu ulipopaswa kuligundua. Zamani ilikuwa miaka sita, na bado utakutana na watu wanaokupa ushauri wa zamani.

Barua ya wakili ilihusu huduma: tarehe nilizoandika bila kujibiwa, nyaraka nilizotuma mara mbili, na kosa la jina. Nikasema ninachotaka ni mtu mwenye leseni ya uwakili asome faili upya, na fidia kwa usumbufu. Usiache kusema unachotaka. Barua isiyo na ombi inajibiwa kwa maneno matupu.

Barua ya bima ilikuwa na hoja moja. Bima inaruhusiwa kutegemea maoni ya wakili mwenye sifa, hata kama wewe huyapendi, na mwamuzi atawaunga mkono. Isipokuwa maoni yawe na kosa la wazi ambalo hata asiye mwanasheria analiona. Mtu mwingine kuwekwa mahali pangu ni kosa la namna hiyo. Nikaambatanisha karatasi mbili tu, maelezo ya mwenzangu na yangu, majina ya ukoo nimeyapigia mstari. Mume wangu alitaka tutume faili lote waone tulivyoteswa. Nikamwambia, baba, wakipokea kurasa mia watasoma ya kwanza.

Wakati nasubiri, niliomba kampuni ya bima inipe kumbukumbu zote zinazonihusu, kwa sheria ya ulinzi wa data. Ni haki ya kila mtu, bure, na kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kukujibu. Zilipokuja niliona waziwazi: tathmini ilikuwa imekaa kwao wiki kadhaa kabla ya kuniambia, wakati mimi nahesabu siku za mahakama. Nikaiongeza hiyo kwenye malalamiko.

Nilichukua pia hatua moja ya kutumia pesa yangu, na hii nimeifikiria sana kama niipendekeze. Huku kuna mawakili wa kusimama mahakamani ambao mwananchi anaweza kuwaendea moja kwa moja bila kupitia ofisi ya uwakili. Nilimlipa mmoja £600 aandike maoni kuhusu kesi yangu, kwa bei tuliyokubaliana kabla. Kwetu £600 ilikuwa pesa ya nauli ya kwenda nyumbani Desemba, na watoto walishaambiwa. Akaandika kurasa sita, akasema nafasi ya kushinda ni asilimia 60 na zaidi, hasa kwa sababu ya kikao kile. Bima ikisema hapana kwa maoni ya wakili, kinachowasogeza ni maoni ya wakili mwingine aliye juu zaidi au sawa. Machozi hayawasogezi, wala barua yako, hata iwe nzuri vipi. Kama kosa lingekuwa lile la jina peke yake ningesubiri bila kutoa senti. Kama una kosa la kisheria kwenye tathmini, na kesi yako ina thamani ya kutosha, ni pesa inayoweza kurudi.

Kwangu ilirudi. Kampuni ya bima ilikubali malalamiko kabla ya wiki nane kwisha, ikarudisha malipo ya kesi na ile £600, ikaongeza kidogo kwa ucheleweshaji. Sikuhitaji kwenda kwa Financial Ombudsman Service, ingawa nina hakika kulitaja jina lake kwenye barua hakukudhuru.

Nikataka wakili wangu mwenyewe, wa hapa Reading, niweze kumuona usoni. Hili lina kanuni yake ya mwaka 1990 inayompa mwenye bima uhuru wa kuchagua wakili. Kampuni za bima hushikilia kwamba uhuru huo unaanza kesi inapofunguliwa, si kabla, na kesi yangu nilikuwa nimeshaifungua mwenyewe jikoni. Wakakubali bila ubishi. Tatizo likawa bei: masharti yao yanalipa £125 kwa saa kwa wakili wa kujichagulia, na yule wa Reading alitaka karibu mara mbili, tofauti nilipe mimi. Uhuru ule ni kama kupewa uchague samaki yeyote sokoni kwa pesa ya dagaa. Nikabaki na ofisi ya kaskazini, kwa sharti kwamba faili linashikwa na wakili mkuu wa idara ya kazi. Mama huyo alinipigia wiki ile ile. Akanitamkia jina langu lote, taratibu, akauliza kama amelisema sawasawa. Alifanya kazi safi, na miezi michache kabla ya tarehe ya kusikilizwa mwajiri akakubali kulipa kupitia Acas. Kiasi gani siwezi kusema, nilisaini karatasi ya siri.

Malalamiko dhidi ya ofisi yake sikuyafuta, na nilimweleza hivyo. Akasema ni haki yangu, ila yeye hawezi kuyajadili. Ofisi ilinipa pole na £150. Nikakataa, nikaenda Legal Ombudsman. Foleni ilikuwa ndefu mno. Mchunguzi alipolifikia faili hakutaka maelezo mengi, alitaka zile barua pepe za mistari mitatu. Mwisho ofisi ikapanda hadi £400 na barua ya kukiri kwamba walichanganya watu. Mamlaka ya mwamuzi huyo inafika hadi £50,000, lakini kwa usumbufu wa kawaida mtu asitegemee zaidi ya mamia. Kama unachotafuta ni pesa, pengine usingejisumbua. Mimi nilitaka ile barua, kwa sababu kwenye kazi yetu neno kwamba ulikiri kuzembea na dawa linaweza kukufuata kila unapoomba kazi.

Wanaoniuliza sasa huwa wamechelewa kidogo kila mara. Wanasubiri wafukuzwe ndipo watafute bima, wakati masharti mengi yanataka uwaarifu mapema tatizo linapoanza kuonekana, na tatizo linaanza na barua ya kwanza ya kuitwa kikaoni. Chama cha wafanyakazi ni vilevile. Hakipendi kubeba shauri lililokuwepo kabla hujajiunga.

Bima tumeiendeleza. Mwaka huu upande wa sheria umehamia kampuni nyingine, kikomo cha gharama wanazolipa kimepanda kutoka £50,000 hadi £100,000, na malipo ya saa kwa wakili wa kujichagulia yako pale pale £125.